Mshahara ulikuwa unapanda, kumbe thamani yangu sokoni inashuka. Ilianza lini?

#1 Msumeno
Wakuu salaam. Nina swali linanikosesha usingizi, naomba mnijibu bila kunionea huruma.

Nimefanya kazi sehemu moja miaka 17. Niliingia karani wa stoo, nikawa msimamizi wa stoo, nikaishia mkuu wa manunuzi. Tathmini kila mwaka nzuri, kila baada ya miaka miwili mitatu napandishwa na mshahara unaongezeka. Mwaka jana kampuni ikaunganishwa na nyingine, kitengo chetu kikafutwa, tukalipwa stahiki zetu tukaondoka. Sa hivi ni mwezi wa 8 natuma maombi na nimeitwa intavyu 3 tu. Kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe kwa mikono yangu, ana miaka 4 tu kazini, alipata sehemu nyingine ndani ya wiki 3.

Sina kinyongo naye, tena ndiye anayenitumia matangazo ya kazi akiyaona. Ninachotaka kuelewa ni hiki: miaka yote ile mshahara ukipanda mi nilijua na uwezo wangu wa kuajirika unapanda. Kumbe huko nje ulikuwa unashuka? Na kama ulishuka ulianza lini, maana sikuona dalili yoyote.

#2 Kiwavi Mweupe
Pole sana mkuu. Una umri gani?

#3 Msumeno
44

#4 Radi
Basi jibu si hilo hapo. Ukivuka 40 akili inachoka, kitu kipya unakishika taratibu, na waajiri wanalijua hilo hata kama hawalisemi. Sikutukani mkuu, ni maumbile, hata chuma kinachakaa.

#5 Karani Mstaafu
Radi mwanangu, taratibu kidogo. Mimi nimepiga taipu miaka 31 na jambo hili nimelifuatilia kwa sababu lilinihusu. Mwaka 1984 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Timothy Salthouse, alitoa utafiti aliowapima wapiga taipu wa umri wa miaka 19 mpaka 72. Ukiwapima wazee kwa kubonyeza tu wakiona alama, vidole vyao vilikuwa vizito kuliko vya vijana, hilo kweli. Lakini ukiwapa ukurasa wachape, umri haukuonekana kwenye kasi yao. Kwa nini? Macho yao yalikuwa yanatangulia mbali zaidi mbele ya vidole, wanasoma maneno yajayo mapema, kwa hiyo kidole kinafika kikiwa tayari kinajua kinakwenda wapi.

Ndivyo nilivyokuwa nafanya bila kujua kama nafanya. Mtu mzima kazini kuna anachopoteza na kuna anachokipata, usihesabu kimoja tu.

#6 Radi
Shikamoo mzee, hilo sikulijua na nalipokea. Ila naomba nikuulize bila ubaya, hiyo kazi yenyewe ya kupiga taipu leo iko wapi?

#7 Karani Mstaafu
Marahaba. Umeuliza swali zuri kuliko ulivyodhani. Kazi ilikufa nikiwa fundi kuliko siku zote za maisha yangu. Tulikuwa wachapaji 11 chumba kimoja, kompyuta zikaingia mezani kwa kila ofisa, kila mtu akawa anajichapia barua yake hata kama ni kwa vidole viwili, chumba kikafungwa. Ufundi wangu haukupungua hata tone. Aliyekuwa anauhitaji ndiye aliyeondoka.

Nilipona kwa sababu nilijua barua ya aina gani inakwenda kwa nani na faili gani limekaa wapi, wakanihamishia masijala. Wenzangu 8 waliokuwa wanachapa vizuri kunishinda hawakupona. Kwa hiyo Msumeno akiuliza thamani ilishuka lini mimi namuuliza, iliyoshuka ni ya kwako au ya kile ulichokuwa unakifanya? Ni vitu viwili.

#8 Bint Hesabu
Nakazia kwa mzee, ila kuna jambo lingine kwa Msumeno. Gary Becker yule mchumi miaka ya 70 alitenganisha ujuzi wa aina mbili unaopata kazini. Kuna ujuzi wa jumla, huu ukitoka geti unatoka nao na mwajiri mwingine yeyote ataulipia. Na kuna ujuzi wa mahali, yaani unakufanya uwe dhahabu pale ulipo tu. Mshahara wako wa ndani unaweza kupanda miaka na miaka kwa sababu ya huo wa pili, na huko nje hauna mnunuzi. Ndo maana hukuona dalili, dalili ingeonekana tu siku unatoka.

Fanya zoezi moja: andika vitu 10 unavyovijua vizuri sana kazini kwako, halafu kata kila kilichokosa maana ulipovuka geti.

#9 Tandala
Bint Hesabu sahihisho dogo, kitabu cha Becker ni cha 1964 na hata hayo mawazo aliyaandika kabla ya hapo. Nobel alipewa 1992. Mengine uko sawa.

#10 Bint Hesabu
Asante Tandala, ni 1964 kweli.

#11 Msumeno
Nimelifanya zoezi usiku, limeniuma. Nilikata 6 vikabaki 4.

Nilivyokata: mfumo wetu wa stoo ulioandikwa na fundi wetu wa ndani, duniani hakuna mwingine anautumia na mimi ndiye nilikuwa nafundisha watu wote kuutumia. Nani anasaini nini na ukimkuta saa ngapi anasaini haraka. Msambazaji yupi anachelewesha mzigo na anabembelezwaje. Namba za vipuri kichwani, nilikuwa najua kama 2,000. Na mengine mawili ya hivyo hivyo. Vilivyobaki: kujadili bei, kusoma mkataba, kukisia mahitaji ya miezi 6 mbele, na kusimamia watu.

Halafu nimegundua hivyo 4 karibu vyote nilijifunza miaka 9 ya mwanzo. Kozi ya mwisho niliyopelekwa ilikuwa miaka 7 iliyopita. Baada ya hapo kila jina langu likitajwa bosi alikuwa anasema huyu hatuwezi kumwachia hata wiki moja. Mi nilikuwa nafurahi.

#12 Kiwavi Mweupe
"Hatuwezi kumwachia hata wiki moja" dah. Nimeisoma mara 3. Kwetu wananiambia hivyohivyo.

#13 Nyundo Baridi
Habari zenu. Mi sikubaliani na Bint Hesabu moja kwa moja, maana mi ni mchomeleaji na chuma ni chuma popote, ujuzi wangu ni wa jumla kuliko wa mtu yeyote humu na bado yalinikuta.

Nilichomelea miaka 14, bomba za presha, vyeti vyote ninavyo. Nikapandishwa kuwa foromani. Nilishukuru Mungu, nikavua miwani nikashika kalamu. Sasa asiyejua aelewe, cheti cha mchomeleaji hakikai milele kama cha shule, kwa viwango vya kimataifa ukipitisha miezi 6 hujachomelea kwa njia ile uliyofanyia mtihani uhalali wake unaondoka. Mimi nilikaa miaka 5 kwenye uforomani. Mradi ukaisha, tukarudishwa nyumbani, nakwenda kuomba kazi naulizwa cheti hai kiko wapi, sina. Naomba uforomani naambiwa maforomani tunao wetu wa ndani, tunataka mikono. Nilirudi kufanya mtihani wa kuchomelea na vijana wa miaka 22, mara ya kwanza nikafeli, mshono ulikuwa na vitobo ndani, mara ya pili nikapita.

Kwa hiyo maoni yangu, kilichomuangusha Msumeno ni kupandishwa cheo. Cheo kinakutoa mikononi mwa kazi na kukuweka juu ya watu, na kusimamia watu hakuna mtihani wala cheti, kunaaminiwa na aliyekuona tu. Akiondoka aliyekuona unabaki huna mikono na huna shahidi. Tangu nirudi kazini hata niwe nani kila baada ya miezi miwili navaa miwani nachomelea, na nahakikisha imeandikwa kwenye kumbukumbu.

#14 Neema ya Asubuhi
Nyundo nimekuelewa sana. Mimi ni muuguzi, nilikaa nje miaka 6 nikilea watoto wangu. Nilivyorudi nilitakiwa kuhuisha leseni na kufanya kazi chini ya uangalizi kwanza. Nilichojifunza ni kwamba ujuzi haupotei wote kwa pamoja, kila kitu kina mwendo wake. Kutafuta mshipa, mikono ilikumbuka ndani ya siku 2. Kumtazama mgonjwa mlangoni ukajua huyu hali inabadilika, hiyo wala haikuondoka, nadhani ilikuwa imeongezeka maana nimekesha na watoto wenye homa. Lakini dawa zilikuwa zimebadilika, mashine za kupimia dripu mpya, kumbukumbu za wagonjwa zimehamia kwenye kompyuta, hapo nilikuwa kama mwanafunzi na nililia chooni si mara moja.

Na kilichoniumiza zaidi si hicho. Ni kwamba kila intavyu waliuliza kuhusu ile miaka 6, hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu ile 11 iliyotangulia.

#15 Jicho la Mlangoni
Naomba nami niseme kutoka upande wa pili. Nimekaa kwenye kuajiri miaka 9. Nafasi moja tunaweza kupokea maombi 300, na anayechuja ni mtu mmoja au wawili, wana siku mbili, fanyeni hesabu wenyewe kila CV inapata dakika ngapi. Kinachoangaliwa kwanza ni ulifanya nini mwisho na ulikifanya lini. Basi.

Mtu wa miaka 17 sehemu moja mimi nashindwa kumuona. Sisemi ni mbaya, anaweza kuwa bora kuliko wote 300. Ila vyeo vyake vyote vimetolewa na mtu mmoja, sina wa kumlinganisha naye. Yule kijana wa miaka 4 nikimkosea nimekosea kidogo, mkuu wa manunuzi nikimkosea nimekosea pakubwa. Woga wa anayeajiri nao uhesabuni, nyie wote mnazungumza kana kwamba jibu lote liko kwa mfanyakazi.

Na hiyo miezi 8 msiipuuze. Kuna wachumi watatu, Kroft, Lange na Notowidigdo, mwaka 2013 walichapisha jaribio Marekani, walituma maombi ya kubuni kama 12,000 kwenye nafasi zipatazo 3,000, wasifu ukiwa unafanana ila muda wa kukaa bila kazi umebadilishwa. Kuitwa kulipungua kadiri muda unavyorefuka, na sehemu kubwa ya kushuka ilikuwa ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Watu wa kubuni hao, hawana ujuzi wa kupotea! Kilichoshuka ni macho ya msomaji tu.

#16 Radi
Kwa hiyo mnataka kusema umri hauna neno kabisa? Mi bado.

#17 Kiwavi Mweupe
Umri una neno lakini si kwa njia uliyosema wewe ya akili kuchoka. Kuna jaribio lingine la namna hiyohiyo la mchumi Neumark na wenzake, Marekani, 2019, maombi zaidi ya 40,000, wenye umri mkubwa waliitwa kidogo kuliko vijana na wanawake ndo waliumia zaidi. Huo ni ubaguzi, haujapima akili ya mtu. Marekani wana hadi sheria inakulinda ukifika miaka 50.

#18 Karani Mstaafu
Ni 40, siyo 50. Sheria yao ni ya 1967 na inaanzia miaka 40. Maana yake hata watunga sheria waliona mapema kwamba mlango unaanza kufungwa katikati ya safari, siyo mwishoni.

#19 Kiwavi Mweupe
Asante mzee, 40.

#20 Radi
Mzee leo umenishika kila kona 😄 haya nakubali, ubaguzi upo. Lakini Neema mwenyewe kasema kwenye kompyuta alikuwa kama mwanafunzi. Hicho nacho ni kitu, hakikutoka kwa mwajiri.

#21 Neema ya Asubuhi
Ni kweli Radi, sikatai. Ila nilijifunza kwa miezi 3. Miaka 6 niliyokaa nje ilizibwa kwa miezi 3, mbona mlangoni walinihesabia yote 6?

#22 Tandala
Watu mmeandika mengi mazuri ila mmezunguka jambo kuu, konekisheni. Mark Granovetter mwanasosholojia alishawaeleza tangu 1973, mtu anapata kazi kupitia watu wake wa karibu. Ndugu, marafiki wa damu. Msumeno piga simu kwa watu wako wa karibu uache kuhangaika na CV.

#23 Bint Hesabu
Tandala leo zamu yako, umelipindua 🙂 Granovetter alikuta kinyume. Kwa wale waliopata kazi kupitia mtu, alipowauliza wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi na huyo mtu, waliosema mara kwa mara walikuwa kama 17% tu. Karibu 56% walisema mara mojamoja, na kama 28% walisema kwa nadra. Yaani mtu wa mbali ndiye anayeleta habari mpya, wa karibu mnajua mambo yaleyale.

#24 Tandala
Umenipata. Nilikumbuka mwaka nikasahau maana yake. Ila hoja ya konekisheni si inabaki palepale? Tena inazidi.

#25 Msumeno
Hii ya watu wa mbali imenigusa kuliko zote. Nimekaa nimehesabu, watu wanaoijua kazi yangu ni kama 60 na wote walikuwa kwenye jengo moja. Jengo limefungwa. Kila anayeweza kunisemea naye anatafuta kazi.

Nimempigia yule kijana nikamuuliza uliipataje. Kasema kuna mtu alisoma naye kozi ya jioni ya usimamizi wa ugavi, walikuwa hawajaonana karibu miaka 2, akamwambia kwetu kuna nafasi. Kozi hiyo mi ndiye nilimsainia ruhusa ya kutoka mapema.

#26 Tandala
Mnaona! Mtu wa mbali.

#27 Bint Hesabu
Au ni kozi. Ule ni ujuzi wa jumla wenye karatasi, kila mwajiri anausoma. Bila ile karatasi huyo rafiki angesema nini kwa bosi wake?

#28 Jicho la Mlangoni
Au alitafuta wiki ya kwanza akiwa bado ana kazi au ametoka juzi. Msumeno wewe ulianza kutuma lini baada ya kutoka?

#29 Msumeno
Nilipumzika miezi 2 kwanza. Nilikuwa nimechoka kweli.

#30 Siku kwa Siku
Mi nimewasoma tangu mwanzo nimenyamaza kwa sababu yangu ni kinyume cha Msumeno na hakuna aliyenitaja. Nina miaka 12 kazini, waajiri 9, mikataba ya miezi 6, ya mwaka, mmoja ulikuwa wa wiki 10. Kila mtu anasema usikae sehemu moja, haya mi sijakaa, nimepata nini? Watu ninaowajua wa mbali wamejaa kwenye simu. Ujuzi wangu wote wa jumla maana hakuna aliyenipa muda wa kuujua wa mahali. Na hakuna mwajiri hata mmoja aliyewahi kunipeleka kozi hata ya siku mbili, kwa nini anifundishe na anajua mwezi wa 6 naondoka? Nina mwaka mmoja wa uzoefu nimeurudia mara 12.

Msumeno aliachwa asisogee kwa sababu anahitajika sana, mi niliachwa kwa sababu sihitajiki vya kutosha, wote tumefika hapahapa. Kwa hiyo nadhani swali si kukaa au kuhama. Ni nani anakupa kazi ngumu kuliko uliyoizoea.

#31 Nyundo Baridi
Siku kwa Siku umeandika kitu kizito, pole ndugu yangu. Hiyo sentensi ya mwisho naiweka karakana.

#32 Bint Hesabu
Kuhama kunasaidia zaidi mapema. Wachumi Topel na Ward walifuatilia vijana wa kiume Marekani, miaka 10 ya kwanza kazini walipitia waajiri kama 7 kwa wastani, na kama theluthi moja ya ongezeko la mshahara ilitokana na kuhama huko. Ila wale walikuwa wanahama kwenda pazuri zaidi, siyo mkataba umeisha. Siku kwa Siku uliingia kazini soko likiwaje?

#33 Siku kwa Siku
Limelala kabisa. Mwaka tuliomaliza chuo ajira zilikuwa zimesimamishwa karibu kila mahali, nikachukua cha kwanza kilichojitokeza.

#34 Bint Hesabu
Basi na hilo lipo. Wahitimu wa Kanada walioingia kipindi cha mdororo, mchumi Oreopoulos na wenzake walikuta wanaanza na kipato cha chini kwa kama 9% na pengo linachukua miaka 8 mpaka 10 kuzibika, na waliojikomboa walijikomboa kwa kuhamia waajiri bora. Mwaka wa kuzaliwa kazini hauuchagui.

Na kwa Msumeno, uliuliza ilianza lini. Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan waliangalia wafanyakazi wa Pennsylvania waliokaa muda mrefu na mwajiri mmoja wakapunguzwa, kipato chao kilianza kushuka kama miaka 3 kabla ya kuondolewa, na miaka kadhaa baadaye bado kilikuwa chini kwa kama robo. Kwako hakuna kitu kilipungua hiyo miaka 3?

#35 Msumeno
Mshahara haukupungua. Ila saa za ziada ziliondolewa, hilo kweli, na bajeti ya manunuzi ikawa inapitishwa makao makuu, mi nabaki kujaza fomu. Niliona wamenipunguzia mzigo.

#36 Karani Mstaafu
Walipotuletea kompyuta nasi walisema wanatupunguzia mzigo.

#37 Radi
Mi nimebadili msimamo nusu. Ila nusu nyingine bado, mtu anatakiwa kujisomea mwenyewe, asingoje kupelekwa.

#38 Neema ya Asubuhi
Asome saa ngapi Radi? Zamu ya usiku, watoto, mgonjwa nyumbani. Pendekezo Na. 195 la ILO, Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2004 linazungumzia uwezo wa kuajirika kama kitu kinachohusu serikali, waajiri na mfanyakazi. Humu kila nikisoma naona mmoja tu anayeulizwa.

#39 Radi
Hapo sina jibu dada.

#40 Msumeno
Wakuu nashukuru sana. Nina intavyu ya 4 Alhamisi, ni ya ofisa manunuzi, ngazi mbili chini ya niliyokuwa nayo. Swali la haraka: kwenye CV vyeo vyote vitatu niviandike au cha mwisho tu?

#41 Jicho la Mlangoni
Usianze na cheo. Anza na kazi yenyewe: uliwahi kununua nini kigumu, ulijadili na nani, mzigo ulifika lini. Ukuu wa kitengo uuweke chini, utawatisha.

#42 Nyundo Baridi
Mi nasema andika vyote na anzia ukarani wa stoo. Anayeajiri ofisa anataka mtu aliyewahi kubeba mzigo. Na ukuu usiufiche, wakija kuugundua baadaye itaonekana ulikuwa na la kuficha.

#43 Bint Hesabu
Vile vitu 4 vilivyobaki kwenye zoezi lako, kila kimoja kiwe na mfano wake mmoja.

#44 Karani Mstaafu
Toa jina na namba ya simu, ilete hapa tuisome mstari kwa mstari. Makosa ya kuchapa niachieni mimi.

#45 Msumeno
Naileta usiku mzee. Siku kwa Siku nawe lete ya kwako.